Jirani Msabato hatoki usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi: asamehewe au alipe faini?

#1 Mwana Msimbazi
Wakuu, salamu. Naleta jambo linalogawa mtaa wetu huku Ilala. Jina la mtaa naliacha.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi. Maduka yanafungwa mpaka saa nne asubuhi, mgambo wanapita, watu wanazibua mitaro na kufyeka. Kuna mzee mmoja, fundi cherehani, Msabato. Hatoki. Hajifichi wala hadanganyi kwamba anaumwa. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa mtendaji, akasema Jumamosi ni siku ya ibada, lakini mumpe mtaro wowote, hata ule wa nyuma ya soko unaonuka kuliko yote, atauzibua Jumapili peke yake. Mtendaji akakubali. Miezi kadhaa ikaenda hivyo, na kwa kweli ule mtaro haujawahi kuwa safi kama sasa.

Kelele zikaanza. Mmoja anasema Jumamosi ndiyo siku yake ya kulala baada ya zamu za usiku. Mwingine ana mechi ya veterani. Kijana mmoja kasema yeye hana dini, je, dhamiri yake haihesabiki? Sasa mtendaji amegeuka, anasema mzee atoke au alipe faini ya elfu hamsini.

Msimamo wangu: mzee asamehewe, kwa sharti la kufanya kazi nyingine yenye uzito uleule. Ila nikiulizwa kwa nini dhamiri yake izidi usingizi wa mlinzi, nakosa jibu lililonyooka. Nisaidieni.

#2 Kisu Kikali
Sheria ni msumeno. Alipe.

#3 Bi Kidawa wa Magomeni
Wewe Kisu Kikali uliyewahi kulalamika humu kwamba trafiki hawakuelewi ukiwa na haraka? Msumeno ulikuwa umelala siku hiyo?

#4 Wakili wa Mtaani
Mleta mada, tuanze na Katiba. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Ibara ya 30 inasema haki hizo zisitumike kwa namna inayoharibu haki za wengine au maslahi ya umma. Na Ibara ya 25, inapozungumzia kazi ya shuruti, inatoa nje majukumu ya kawaida ya kuhakikisha ustawi wa jamii. Kwa hiyo usafi wa mtaa wenyewe si shuruti haramu. Swali linabaki kwenye siku tu.

Tuna mfano wa nyumbani pia. Wanafunzi zaidi ya mia moja, Mashahidi wa Yehova, walifukuzwa shule mkoani Mbeya kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mahakama ya Rufani iliwapa haki mwaka 2013.

#5 Mwalimu Mstaafu Kigamboni
Wakili, nakurekebisha kidogo. Waliofukuzwa kabisa walikuwa wachache, wengi walisimamishwa masomo. Tofauti hiyo ina maana kwa mtoto wa kidato cha nne. Na hawakuwa wakifanya fujo. Walisimama kwa adabu wenzao wakiimba, wao kimya.

Nimesimamia paredi za asubuhi kwa miaka mingi. Mtoto anayesimama kimya kwa imani yake simwogopi. Ninayemwogopa ni anayeimba kwa sauti kubwa huku anamfinya mwenzake.

#6 Mchumi wa Ubungo
Kesi ya wimbo haifanani na hii, wakuu. Mtoto akinyamaza, wimbo unaimbwa vilevile, hakuna anayeongezewa mzigo. Mzee asipotoka, kuna mtu anabeba sehemu yake ya tope. Kwangu mimi ndipo mstari unapopita: dhamiri yako igharimiwe na wewe, isigharimiwe na jirani.

Mzee huyu anapita kipimo hicho kwa sababu analipa Jumapili, tena analipa kwa mtaro mbaya zaidi. Kwa hiyo hadai msamaha wa kazi, anadai msamaha wa siku. Ni vitu viwili.

#7 Kisu Kikali
Na akishasamehewa siku, mwakani ataomba kazi. Ukimpa mtu mkono anachukua bega.

#8 Nesi Rehema
Kipimo cha Mchumi (#6) nakikubali, ila nakipeleka mahali ambako hakikai vizuri.

Nimefanya kazi hospitali kubwa hapa Dar, baadaye zahanati moja ya mbali, siitaji mkoa. Hapa Dar mwenzangu mmoja Mkatoliki alikuwa hatoi vidonge wala sindano za uzazi wa mpango. Hakuna aliyegombana naye. Mama akija, anaelekezwa meza ya pili, dakika tano amehudumiwa. Yeye kwa upande wake alichukua zamu za sikukuu ambazo wengine hatuzitaki.

Kule zahanati tulikuwa wawili tu, na mwenzangu akiwa likizo nabaki peke yangu. Fikirini angekuwa yule dada ndiye aliyebaki peke yake. Mama ametembea saa tatu, ana mtoto mgongoni, anaambiwa huduma hiyo mimi siitoi, nenda kwingine. Kwingine wapi? Hapo dhamiri ya nesi inageuka kuwa sheria ya kijiji kizima, na kijiji hakikupiga kura.

Niliona baya kuliko hilo. Binti aliletwa anavuja damu, mimba imeharibika. Mhudumu mmoja akasita kumgusa kwa kuwa alishuku binti mwenyewe ndiye aliyeitoa. Huduma baada ya mimba kuharibika ni halali, haina mjadala. Yule mhudumu aliita kusita kwake dhamiri. Mimi nasema aliyeko mbele yako anakufa, dhamiri yako ingekwambia umshike.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza imani ya mtu ni ipi, ulizeni: akikataa, yuko mwingine wa kushika nafasi yake?

#9 Dogo wa Mbagala
Dada Rehema umenifanya niusome huu uzi mara mbili. Lakini mbona mzee anaonewa huruma na mama lishe hana mtetezi? Mama yangu anauza chapati na supu. Mpaka saa nne biashara ya asubuhi imekwisha. Hana sabato, ana watoto wanne. Dhamiri yake ni njaa yetu.

#10 Babu Chuo
Wanangu, mnazungumza kana kwamba nchi hii haijawahi kupita hapa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana hapahapa Dar kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima. Walipeleka tamko kwa Mwalimu Nyerere: miili yetu itakwenda, roho zetu zitabaki nje. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawarudisha makwao, zaidi ya 300. Siku hiyohiyo akakata mshahara wake kwa asilimia 20.

Hakumwachia mtu upenyo. Na sisi tuliokwenda baadaye tulichanganyika, mtoto wa mkulima na mtoto wa waziri jembe moja. Mkianza kutoa misamaha, hamtajua pa kuishia.

#11 Wakili wa Mtaani
Shikamoo mzee. Ila hao wa 1966 hawakukataa kwa dhamiri. Walilalamikia hasa masharti: kwamba baada ya mafunzo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyesema dini au maadili yake yanamkataza kushika jembe au bunduki.

#12 Babu Chuo
Marahaba. Walisema roho zao hazimo. Hiyo si dhamiri ni nini? Nani anapima, wewe?

#13 Dogo wa Mbagala
Hapo Babu umegusa. Nani anapima? Kesho nami nitakuwa Msabato kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

#14 Mpita Njia Bern
Naishi Uswisi, nilitoka Sinza. Huku jeshi ni la lazima kwa wanaume. Zamani ukisema dhamiri inakukataza, unakaa mbele ya kamati wakuhoji. Waliojua kuongea walipita, mkulima asiye na maneno akafeli. Mwaka 2009 wakafuta mahojiano. Sasa unasema tu hutaki jeshi kwa dhamiri, unapewa utumishi wa kiraia, lakini muda wake ni mara moja na nusu ya ule wa jeshi. Tendo ndilo ushahidi.

Ujerumani nako, mpaka lazima ya jeshi iliposimamishwa 2011, vijana waliokataa bunduki walihudumia wazee na hospitali, na hizo taasisi ziliwategemea sana.

Kwa kipimo hiki fundi cherehani ameshathibitisha. Mtaro wa soko, peke yake, Jumapili. Dogo wa Mbagala akitaka kuwa Msabato wa saa nne, naye apewe mtaro wa soko.

#15 Bi Kidawa wa Magomeni
Dogo umekimbia? Mtaro unakuita.

#16 Mchambuzi Huru
Mkuu wa #14, mara moja na nusu kwa nini? Kama dhamiri ni haki, hiyo nusu ya ziada ni faini yenye jina zuri. Korea Kusini mahakama ya katiba iliamua 2018 kwamba lazima kuwe na utumishi mbadala. Ukaja, ni miezi 36 ndani ya magereza, wanalala humohumo. Mara mbili ya askari wa kawaida wa nchi kavu. Nchi imesema tunakuheshimu, kisha ikampeleka gerezani.

Na ukitaka kuona mwisho wa barabara ya Kisu Kikali, tazama Eritrea. Mwaka 1994 Mashahidi wa Yehova walinyang'anywa uraia kwa amri ya rais. Watatu kati yao waliokataa jeshi walikamatwa mwaka huohuo, wakatoka mwishoni mwa 2020. Malawi ya Banda nako, watu walipigwa na kukimbilia Zambia na Msumbiji kwa sababu hawakununua kadi ya chama. Kadi tu.

#17 Kisu Kikali
Faini ya elfu hamsini umeifikisha Eritrea. Hongera kwa safari.

#18 Shabiki wa Ngumi Manzese
Muhammad Ali alifungwa miaka mitano kwa kukataa Vietnam na hakulalamika. Hiyo ndiyo dhamiri. Unakataa, unalipa.

#19 Mwalimu Mstaafu Kigamboni
Hakufungwa, ndugu. Alihukumiwa miaka mitano mwaka 1967, akawa nje kwa dhamana wakati wa rufaa. Alichopoteza ni mkanda na zaidi ya miaka mitatu ya ulingo, miaka ambayo bondia harudishiwi. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikamfutia hatia.

Na Ali huyohuyo alikuja hapa Dar Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye.

#20 Shabiki wa Ngumi Manzese
Hilo la 1980 sikulijua. Na tulikwenda Moscow, Filbert Bayi fedha, Suleiman Nyambui fedha. Mpaka leo hatujapata nyingine.

#21 Bi Kidawa wa Magomeni
Nyambui mita 5,000, Bayi kuruka viunzi na maji. Marehemu baba alikuwa akisimulia mbio ile mpaka chai inapoa.

#22 Msimamizi
Wakuu, Olimpiki ina jukwaa lake. Turudi kwenye mada.

#23 Boda Mstaarabu Kimara
Kuhusu mada. Mimi ni bodaboda. Niliwahi kumbeba kalasinga, kilemba kichwani, nikampa helmeti, akanionyesha haiwezi kukaa. Nikambeba hivyohivyo, roho juu. Baadaye nikasoma kwamba Uingereza waliwatungia sheria mwaka 1976, Sikh mwenye kilemba asilazimishwe helmeti ya pikipiki.

Swali langu ni hili. Kama kichwa cha kalasinga kinaweza kuachwa bila helmeti kwa kuwa ni chake mwenyewe, na changu ni changu. Sheria iwe nzuri kwa wote au ifutwe kwa wote. Sioni inavyokuwa muhimu sana kwangu na si muhimu kwake.

#24 Mchumi wa Ubungo
Hoja yako nzito, boda. Jibu langu: wewe ukivaa helmeti unapoteza raha na nywele zinalowa jasho. Yeye ili aivae lazima avue kitu alichoapa kutokivua. Sheria moja, bei mbili. Usawa wa kweli unaangalia na bei.

#25 Dogo wa Mbagala
Bei mbili! Basi na mama lishe anatozwa bei mbili. Mshahara wa mtumishi unaingia usafi uwepo usiwepo. Bado sijajibiwa #9.

#26 Mchumi wa Ubungo
Dogo, hasara ya mama inaweza kufidiwa. Aruhusiwe kufungua saa moja, alipe mchango wa taka mkubwa kidogo, au usafi uhamie alasiri. Ukimlipa, malalamiko yake yamekwisha. Mzee huwezi kumlipa. Mpe laki mbili avunje sabato, hatachukua. Kitu kisicho na bei ndicho tunachokiita dhamiri.

#27 Dogo wa Mbagala
Kwa hiyo kwa kuwa mama yangu ni maskini na angeichukua laki mbili, ndiyo maana hasikilizwi? Hapana mkuu. Hiyo inampendelea mwenye uwezo wa kukataa.

#28 Nesi Rehema
Dogo yuko sahihi kwamba mama asikilizwe. Lakini mama anasikilizwa kwa kurekebisha sheria yenyewe, kwa sababu mama lishe wa mtaa mzima wanaumia kwa namna moja. Mzee anaumia peke yake kwa sheria ambayo kwa wengine haina ubaya. Msamaha ni wa huyo wa peke yake.

#29 Sina Dini Sina Kelele
Mimi ni kama yule kijana wa #1. Siabudu popote. Nakataa kuua kiumbe, na kazini nilikataa kuweka sumu ya panya na mbwa. Bosi akaniuliza, dini gani inakukataza? Nikasema hakuna. Akasema basi weka. Mwenzangu angetaja aya, angesikilizwa.

Marekani mahakama zao zililigusa hili, 1965 na tena 1970: mtu anayepinga vita kwa imani ya kimaadili aliyoishika kwa uzito uleule wa dini, naye anahesabika. Lakini 1971 wakasema ni lazima upinge vita vyote, huwezi kuchagua kwamba hiki ni haramu na kile sawa. Hapo wamenipoteza. Mtu anayechambua vita kimoja kimoja na kusema hiki ni dhuluma ametumia akili ya maadili kuliko anayefunga macho kwa vyote.

#30 Mchambuzi Huru
Mkuu wa #29 naungana nawe. Ila serikali itakwambia: anayechagua vita anachagua siasa. Na wakiruhusu siasa, kila kodi itakuwa na mkataaji wake.

#31 Mama Esta Msabato
Bwana asifiwe. Niseme kwa upande wetu. Sabato haituzuii kutenda mema. Mgonjwa tunampeleka hospitali, manesi wetu wanafanya zamu. Mvua ikija mtaro ukaziba na nyumba ya jirani inaingia maji, nitatoka na koleo Jumamosi hiyohiyo, na mchungaji atatoka. Lakini kufyeka nyasi ambazo zingengoja kesho, hapana.

#32 Mwana wa Mzee Pare
Dada, mimi pia Msabato na sioni tatizo la usafi. Taka zinaleta kipindupindu, kipindupindu kinaua, basi kufagia ni tendo la huruma. Natoka saa kumi na mbili, saa tatu nimeoga niko kanisani.

#33 Kisu Kikali
Haya. Wasabato wawili, majibu mawili. Mtendaji amfuate nani?

#34 Mwalimu Mstaafu Kigamboni
Asimfuate yeyote. Ofisi ya mtaa si baraza la wazee wa kanisa. Mzee anaulizwa yeye anaamini nini na anakishika vipi. Wasabato wengine kutoka Jumamosi hakumfanyi yeye kuwa mwongo, kama ambavyo Waislamu wengine kutofunga hakumfanyi anayefunga kuwa mnafiki.

Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Wasabato waliokuwa wakilazimishwa vipindi vya Jumamosi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema mwanafunzi Rasta asifukuzwe kwa nywele zake.

#35 Daktari wa Chanjo
Nachelewa kuingia. Mmesahau idadi. Neno hili la mkataaji kwa dhamiri liliingia kwenye sheria ya Uingereza mwaka 1898 kupitia chanjo ya ndui, kabla ya vita kuu. Wazazi waliokataa wakaruhusiwa kuomba hati ya kusamehewa.

Kwa surua, karibu asilimia 95 ya watu wakiwa na kinga ugonjwa haupati njia. Mmoja akikataa, wengine wanamfunika. Wakikataa mia kwenye kata moja, anakufa mtoto mchanga ambaye umri wa chanjo haujafika. Mkataaji wa kwanza na wa mia wana dhamiri ileile, lakini tunaweza kumsamehe wa kwanza tu. Hilo linanisumbua, kwa sababu ina maana msamaha hautegemei uzito wa imani yako. Unategemea umewahi foleni au umechelewa.

#36 Mchumi wa Ubungo
Daktari, hapo kipimo changu cha #6 kinatikisika lakini hakianguki. Mzigo kwa jirani unapanda na idadi. Ukipanda mno, msamaha unafungwa kwa wote.

#37 Daktari wa Chanjo
Hata kwa yule wa kwanza ambaye hakumkosea mtu?

#38 Mwana Msimbazi
Asanteni wote. Taarifa: mwenyekiti amelipeleka suala mkutano wa mtaa. Watu wengi wako tayari mzee aendelee na Jumapili. Kilichozua ugomvi ni kwamba mwenye ufunguo wa stoo ya mareki na matoroli hataki kuja Jumapili, na mchungaji wa kanisa la jirani hataki toroli lipite mlangoni wakati wa ibada. Faini imesimamishwa mpaka mkutano.

#39 Bi Kidawa wa Magomeni
Toroli lipite baada ya saa saba, wakristo wa Jumapili wako kwenye pilau.

#40 Dereva Nyota Njema
Samahani nadandia uzi. Mimi dereva wa lori, Muislamu. Kampuni yetu ilikuwa inabeba saruji na unga. Mwezi huu wamepata kazi ya kubeba kreti za bia kwenda Morogoro na Dodoma. Nimeomba nibaki kwenye saruji, hata zamu ya usiku nipeni. Mkuu wa usafirishaji anasema gari ni gari. Madereva wenzangu watatu Waislamu wanabeba, wananiambia dhambi ni ya mnywaji. Nikiacha kazi nina watoto. Nifanyeje?

#41 Kisu Kikali
Ulipoajiriwa hukujua gari linabeba mizigo?

#42 Nesi Rehema
Kaka Dereva, madereva mko wangapi? Yupo anayeweza kubadilishana nawe njia bila yeye kuumia?

#43 Wakili wa Mtaani
Na mkataba wako unataja aina ya mzigo, au umeandika "kazi nyingine yoyote atakayopangiwa"? Tuma kipengele hicho hapa, jina la kampuni lifute.